Haki ya Kuona: Mashabiki na Toleo la Mwongozaji

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa filamu, wanasheria na wapenzi wa sinema

   

Nawashukuru waandaaji kwa kunialika, na zaidi kwa kunivumilia nilipotaja mada. Najua wapo humu wanaojiuliza watu wazima wana shughuli gani na filamu ya mashujaa wanaovaa majoho na kuruka angani. Naomba waniazime saa moja.

Mwaka 2017 kampuni ya Warner Bros. ya Marekani ilitoa filamu iitwayo Justice League. Tarehe 18 Machi 2021 kampuni hiyohiyo ikatoa Justice League nyingine: waigizaji walewale, kisa kilekile kwa mapana yake, lakini urefu mara mbili, muziki tofauti, rangi tofauti, mwisho tofauti. Katikati ya filamu hizo mbili kuna zaidi ya miaka mitatu ya kelele za mashabiki waliokuwa wakidai kuona kazi ya mwongozaji wa kwanza, Zack Snyder. Nia yangu jioni hii ni kuuliza mashabiki wale walidai haki gani hasa, na je, haki hiyo ipo? Jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye daladala ya mbali asiondoke mikono mitupu: walikuwa na haki ya kuona, hawakuwa na haki ya kuamua. Mazuri yote ya kampeni ile yalitoka kwenye haki ya kwanza, na maovu yake yote yalitoka pale walipojipa ya pili.

Kwa faida ya wasio wa fani, nianze na utaratibu wa kazi. Filamu ikishapigwa, mwongozaji huketi na mhariri na kuipanga kama anavyoiona yeye. Huko Marekani, mkataba wa chama cha waongozaji humpa mwongozaji wa filamu ndefu, kwa kawaida, wiki 10 za kufanya kazi hiyo bila kuingiliwa. Wiki hizo zikiisha, mwenye fedha huchukua mkasi. Anaweza kupunguza, kuongeza, kubadilisha muziki, hata kuamuru mwisho upigwe upya. Ni waongozaji wachache mno wenye mkataba unaowapa neno la mwisho. Ile filamu iliyokuwako kabla mkasi wa mwenye fedha haujaingia ndiyo tunayoiita toleo la mwongozaji.

Kisa chenyewe

Snyder alikuwa amekwisha kuiongozea Warner filamu mbili za Superman, Man of Steel (2013) na Batman v Superman (2016), alipoanza kupiga picha za Justice League huko Uingereza Aprili 2016. Ile ya pili ilichanwachanwa na wahakiki, na studio ikaingiwa na hofu. Ikataka filamu inayofuata iwe nyepesi, yenye utani, na isizidi saa mbili. Mvutano huo ukiwa unaendelea, Machi 2017, Snyder alifiwa na binti yake, Autumn, aliyejitoa uhai akiwa na umri wa miaka 20. Mei mwaka huo Snyder na mkewe Deborah, ambaye alikuwa mmoja wa watayarishaji, wakajiondoa kazini.

Studio ikamkabidhi filamu mwongozaji mwingine, Joss Whedon, naye hakuishia kupiga viraka. Aliandika kurasa nyingi mpya na kuwarudisha waigizaji mbele ya kamera kwa takriban miezi miwili. Muziki wa Tom Holkenborg ukawekwa kando, akaitwa Danny Elfman atunge mwingine. Henry Cavill, anayeigiza Superman, alikuwa wakati huo amefuga masharubu kwa ajili ya filamu ya Mission: Impossible na hakuruhusiwa kuyanyoa. Basi yakafutwa kwa kompyuta. Mlioiona mnaukumbuka ule mdomo. (Kicheko ukumbini.)

Filamu ikatoka 17 Novemba 2017, saa mbili kamili kama ilivyoagizwa. Iliingiza takriban dola milioni 657 duniani kote, kiasi ambacho kwa gharama zilizokuwa zimetumika kilihesabiwa kuwa ni kushindwa. Siku chache baadaye saini zikaanza kukusanywa mtandaoni kudai toleo la Snyder, zikapita laki moja. Ikazuka alama ya reli iliyosambaa dunia nzima. Mashabiki wakachanga fedha, wakakodi mabango Times Square, New York, na mwaka 2019 wakakodi ndege iliyoburuta bango juu ya tamasha la Comic-Con, San Diego. Sambamba na hayo wakachangisha zaidi ya dola nusu milioni kwa ajili ya taasisi ya Marekani ya kuzuia watu kujiua, kwa kumkumbuka binti yule. Jambo hili halitajwi vya kutosha na wanaowadharau.

Tarehe 17 Novemba 2019, filamu ilipotimiza miaka miwili, waigizaji wenyewe, Ben Affleck na Gal Gadot, wakaungana hadharani na madai hayo. Februari 2020 wakubwa wa kampuni wakafika nyumbani kwa Snyder, Pasadena, wakaonyeshwa toleo lake likiwa bado halina rangi wala picha za kompyuta zilizokamilika. Mei 20 ikatangazwa kwamba litatolewa.

Sasa tazameni kalenda. Wiki moja baada ya tangazo hilo, tarehe 27 Mei, Warner ilikuwa inazindua HBO Max, huduma yake ya kutazama filamu mtandaoni, iliyohitaji wateja kwa haraka. Ulimwengu ulikuwa umefungiwa ndani na uviko, karibu hakuna filamu mpya iliyokuwa ikipigwa. Sisemi mashabiki hawakushinda. Nasema walibisha hodi siku ambayo mwenye nyumba alikuwa anatafuta wageni. Magazeti ya biashara ya filamu yalitaja gharama ya takriban dola milioni 70 kulikamilisha, na hakuna studio inayotoa fedha hizo kwa huruma.

Hoja ya kwanza: jina lililo juu ya kazi

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba filamu ile ya 2017 iliandikwa jina la mwongozaji mmoja tu: Zack Snyder. Whedon alitajwa kama mwandishi mwenza. Snyder mwenyewe hakuitazama. Mkewe aliitazama pamoja na Christopher Nolan, mwongozaji mwenzao, na walipotoka wakamwambia asithubutu kuiangalia kamwe. Kwa hiyo kuna kazi inayozunguka duniani yenye jina la mtu asiyeitambua na asiyeweza kuitazama. Kama ingekuwa kitabu, tungesema ni udanganyifu. Mashabiki waliosema kwamba wameuziwa bidhaa yenye jina lisilo lake walikuwa wanasema kweli tupu.

Na kilichokatwa hakikuwa dakika tu. Muulizeni aliyetazama matoleo yote mawili kuhusu Cyborg, kijana mweusi aliyeigizwa na Ray Fisher. Katika filamu ya 2017 ni mtu wa kupita, anayefungua milango ya kompyuta na kutoa kauli mbili tatu. Katika toleo la Snyder tunamkuta mwanafunzi na mchezaji mpira, mama yake anafariki katika ajali, baba yake mwanasayansi anamrudisha duniani kwa kumgeuza nusu mtu nusu mashine, na kijana hamsamehi. Baba na mwana hao, Silas na Victor Stone, ndio moyo wa filamu yenye saa nne. Studio ilipotafuta pa kupunguza, ilipunguza hapo. Mhusika mkuu mweusi ndiye aliyepoteza zaidi, na mwaka 2020 Fisher akajitokeza hadharani kulalamikia jinsi alivyotendewa wakati wa upigaji ule wa pili. Mtazamaji wa Afrika anayesema kwamba mambo haya ni ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, na aitazame filamu hiyo kisha tuzungumze.

Sisemi toleo refu ni kazi bora isiyo na dosari. Saa nne ni nyingi, na zile taswira zinazotembea polepole zingeweza kupunguzwa na mhariri mwenye ujasiri. Lakini hata dosari zake ni za mtu mmoja anayejua anakokwenda.

Hoja ya pili: mtazamaji naye ameshika mkasi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hadithi ya shabiki kuwa mwokozi inapoingia dosari.

Mwaka 1942 Orson Welles, kijana aliyekuwa ametoka kutengeneza Citizen Kane, alikamilisha The Magnificent Ambersons, kisa cha familia tajiri inayoporomoka mji unapojaa magari na moshi. Kisha akaenda Brazili kupiga filamu nyingine. Studio yake, RKO, ikaipeleka filamu kwenye onyesho la majaribio mjini Pomona, California, usiku wa 17 Machi. Watu walikuwa wamekwenda ukumbini kutazama filamu ya nyimbo na vichekesho, kisha wakawekewa msiba wa ukoo wa Ambersons. Baadhi yao wakacheka pasipochekesha, na kadi zao za maoni zikawa kali. Studio ikashikwa na kiherehere. Zaidi ya dakika 40 zikatolewa, mwisho ukapigwa upya bila Welles, na filamu ikatoka na dakika 88. Mtunzi wa muziki, Bernard Herrmann, alipoona jinsi kazi yake ilivyokatwa, akadai jina lake liondolewe.

Nani alimkata Welles? Studio, ndiyo. Lakini silaha ilitolewa na watazamaji wa Pomona.

Miaka 40 baadaye mambo yakajirudia kwa Ridley Scott na Blade Runner. Watu wa maonyesho ya majaribio ya Denver na Dallas walilalamika kwamba filamu haieleweki na inatia huzuni. Ikaongezwa sauti ya Harrison Ford akieleza kila kitu, na ukabandikwa mwisho wa furaha, wapenzi wawili wakiendesha gari kupita milima ya kijani. Picha za milima ile hazikuwa hata za filamu hiyo: zilikuwa masalia ya The Shining, filamu ya Stanley Kubrick. Toleo hilo ndilo lililoingia kumbini 1982, na halikufanya vizuri.

Filamu ikaja kuokolewa kwa bahati. Mwaka 1990 ukumbi mmoja wa Los Angeles uliletewa nakala ya filamu hiyo, na ilipoanza kuzunguka, watu wakagundua kwamba ilikuwa nakala ya kazini, isiyo na masimulizi yale. Habari zikaenea. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa Los Angeles na San Francisco, kumbi zikajaa. Warner wakaona kuna fedha, likatoka toleo la 1992, na hatimaye toleo la 2007 ambalo Scott aliridhika nalo.

Tuwe waangalifu, basi, tunaposema sauti ya watu. Mtazamaji wa Dallas aliyetaka mwisho wa furaha alikuwa shabiki wa sinema, na aliyepanga foleni Los Angeles miaka tisa baadaye alikuwa shabiki vilevile. Wa kwanza aliulizwa filamu iweje. Wa pili alitaka kuona ilivyokuwa. Tofauti kati ya maswali hayo mawili ndiyo niliyokuja kuizungumzia.

Hoja ya tatu: bila ghala hakuna madai

Mnaweza kuimba barabarani mwaka mzima mkidai toleo la Welles la Ambersons. Halipo. RKO iliharibu vipande vilivyokatwa. Watafiti wameisaka Brazili nakala aliyopelekewa Welles wala hawajaipata. Hakuna saini zinazoweza kufufua kilichoharibiwa.

Linganisheni na Superman II. Richard Donner alikuwa akipiga Superman ya 1978 na filamu ya pili kwa pamoja, na ya pili alikuwa amefikia kama robo tatu, alipokosana na watayarishaji, Alexander na Ilya Salkind. Wakamwondoa, wakamleta Richard Lester, ambaye alilazimika kupiga upya sehemu kubwa ili astahili kuandikwa kuwa mwongozaji. Sehemu za Marlon Brando, aliyeigiza baba wa Superman, zikatupwa nje kwa sababu ya ugomvi wa malipo. Mashabiki walikuwa wakiliulizia toleo la Donner kwa miaka zaidi ya 20. Bahati yao ni kwamba mikanda ilikuwa imetunzwa ghalani Uingereza. Novemba 2006 likatoka. Tukio moja muhimu Donner hakuwahi kulipiga, basi wakatumia mikanda ya majaribio ambayo Christopher Reeve na Margot Kidder walipigwa walipokuwa wakiomba kazi. Nywele za Reeve zinabadilika kutoka picha moja hadi nyingine, na hakuna aliyejali. Kufikia siku hiyo Brando na Reeve wote walikuwa wameshafariki, wote katika mwaka 2004.

Na Snyder? Aliondoka na nakala yake kwenye kompyuta ya mkononi. Kama angeikabidhi yote kazini na kwenda zake, pasingekuwa na kitu cha kuwaonyesha wale wageni wa Pasadena. Wanafunzi wa filamu, mstari huu uandikeni.

Hoja ya nne: kuona si kuamua

Sasa upande mchungu. Kampeni ya toleo la Snyder ilikuwa na watu waungwana, na ilikuwa pia na genge. Waandishi waliokosoa walitukanwa, wafanyakazi wa studio waliandamwa, wengine kwa vitisho. Julai 2022 jarida la Rolling Stone lilichapisha matokeo ya uchunguzi ulioagizwa na kampuni yenyewe, yakionyesha kwamba angalau asilimia 13 ya akaunti zilizoshiriki mjadala ule zilikuwa bandia, wakati kiwango cha kawaida katika mijadala kama hiyo ni asilimia tatu hadi tano. Wapo waliotumia habari hiyo kusema kampeni nzima ilikuwa uongo. Hesabu yenyewe inawakatalia: hata ukiondoa hizo 13, waliobaki ni watu. Lakini inatuambia kwamba kelele mtandaoni haipimi idadi ya watu, na kampuni inayoendesha kazi zake kwa kusikiliza kelele itakuja kudanganywa na yeyote mwenye fedha za kununua akaunti.

Baya zaidi lilikuja baada ya ushindi. Filamu ilipotoka, wengine hawakuridhika. Wakaanza kudai Warner imrudishe Snyder atengeneze filamu nyingine zilizokuwa zimepangwa, na iachane na mipango ya waongozaji wengine. Machi 2021 mkuu wa studio, Ann Sarnoff, akasema wazi kwamba safari hiyo imekwisha, na kwamba matusi hayatavumiliwa. Hapa mimi niko upande wa studio, na mnaonijua mnajua jinsi sentensi hiyo inavyonigharimu. (Kicheko.) Kazi iliyokwisha kupigwa ipo, kumwomba mwenye ghala aifungue ni ombi la haki. Kazi isiyopigwa haipo; kudai ipigwe, na mwingine anyimwe nafasi, ni kujifanya mwajiri bila kulipa mshahara.

Kwa kipimo hichohicho, wanaodai toleo la David Ayer la Suicide Squad, filamu ya 2016 ambayo nayo ilihaririwa upya nje ya mikono yake, wana madai halali. Mpaka ninapozungumza Warner haijalitoa, na haiwajibiki kisheria kulitoa.

Mtu wa mstari wa pili ametikisa kichwa. Nadhani anataka kuniuliza: je, mwongozaji mwenyewe akiwa ndiye mharibifu? Swali zuri, na mfano upo. George Lucas alitoa Star Wars mwaka 1977. Mwaka 1997 akaitoa upya akiwa ameongeza viumbe vya kompyuta na kubadilisha matukio, na akaendelea kuigusagusa miaka iliyofuata. Kwa muda mrefu ile ya 1977 haikupatikana kwa hali safi, na mwenyewe alitaka isahaulike. Mashabiki wakatafuta mikanda ya zamani ya milimita 35 na kuisafisha picha kwa picha kwa fedha zao. Hao walikuwa wanapingana na mwongozaji, lakini walidai kilekile walichodai wa Snyder: kuona kitu kilichowahi kuwepo. Ajabu ni kwamba mwaka 1988 Lucas huyohuyo alisimama mbele ya Bunge la Marekani kupinga watu wanaobadilisha filamu za zamani. Ndiyo maana sikusema mashabiki wana haki kwa sababu mwongozaji yuko sahihi siku zote. Wana haki kwa sababu kila toleo ni ushahidi, na ushahidi hautupwi, hata na aliyeutengeneza.

Hoja ya tano: sheria inasemaje

Nitapita haraka, wanasheria watanisamehe. Marekani, filamu ya studio ni kazi iliyotengenezwa kwa kuajiriwa, na mtungaji wake machoni pa sheria ni kampuni. Ufaransa hali ni nyingine. Filamu ya John Huston, The Asphalt Jungle ya 1950, ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe. Baadaye mmiliki mpya akaitia rangi kwa kompyuta, na stesheni moja ya televisheni ya Ufaransa ikataka kuirusha. Warithi wa Huston wakaenda mahakamani, na tarehe 28 Mei 1991 mahakama ya juu kabisa ya rufaa ikawapa ushindi: haki ya kimaadili ya mtungaji haiondoki kwa sababu eti aliiuza kazi chini ya sheria ya nchi nyingine. Haki hiyo imo katika ibara ya 6bis ya Mkataba wa Berne tangu 1928, na Kenya na Tanzania ni wanachama. Lakini sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua kuwa mtungaji wa filamu yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Kwa maneno mengine, mwenye mfuko. Wanafunzi wa Nairobi mlioko humu, msisaini kitu kabla hamjakisoma.

Na huku kwetu

Msidhani mkasi ni wa Hollywood peke yake. Mwaka 2018 bodi ya filamu ya Kenya ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wanaopendana, na mwongozaji akaeleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho, ambao ulionekana una matumaini mno. Alikataa. Filamu ilikuwa imechaguliwa Cannes, ya kwanza ya Kenya kupata nafasi hiyo. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa watu waliotaka kuona kabla mlango haujafungwa tena. Najua wengi humu hawakubaliani na maudhui yake, na sikuja kuyajadili. Nataka muone kwamba swali ni lilelile: nani ana mamlaka juu ya mwisho wa kisa?

Hapa Dar es Salaam tulikuwa na ukataji wa namna yetu. Enzi za Bongo Movie kuuzwa kwa CD, wasambazaji waligundua kwamba filamu ikigawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, mnunuzi atalipa mara mbili. Marekani mwenye fedha hufupisha, kwetu alirefusha. Mtu anashuka kwenye gari, anafunga mlango, anatembea hadi getini, anagonga, anangoja, na sisi tunangoja naye. (Kicheko.) Waongozaji wengi waliuza kazi moja kwa moja, pamoja na nakala mama, na leo hawana hata kitu cha kuwaonyesha watoto wao. Wangapi kati yao walikuwa na filamu nzuri ya dakika 80 ndani ya ile ya saa tatu? Hatutajua, kwa sababu hakuna aliyetunza.

Tulikuwa pia na ukataji wenye baraka. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, mliyemjua kama Lufufu, alizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili hadi watu wa vibanda vya video wakamfuata yeye kuliko waigizaji. Kenya wana DJ Afro, Kampala wana ma-VJ wao. Wao huongeza utani, hubadilisha majina, huruka wasipopapenda. Hakuna mwongozaji aliyewaruhusu. Mimi sina ugomvi nao, maana filamu ya asili bado ipo, na simulizi lao ni toleo jingine juu yake. Na masimulizi hayo pia yanapotea, kanda zake zinaoza majumbani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie kwa maombi, na nayaelekeza kwa watu walioko humu.

Waongozaji vijana: kabla ya kukabidhi kazi, tunzeni nakala ya toleo lenu na picha ghafi kwenye diski mbili, katika nyumba mbili tofauti, na mkataba useme kwamba mnaruhusiwa kuzitunza. Msambazaji akikataa kifungu hicho, muulizeni anaogopa nini.

Wanasheria: waandikieni vijana hawa kifungu kimoja, kwa Kiswahili chepesi, kinachosema mwongozaji anaweza kuondoa jina lake kwenye toleo asilolitambua, na kwamba kilichokatwa hakiharibiwi. Hakihitaji kurasa 10.

Wenzetu wa taasisi za nyaraka na vyuo: zile filamu za CD za miaka ya 2000 na kanda za masimulizi ya vibandani zikusanyeni sasa, wakati waliozitengeneza bado wanapokea simu.

Na mashabiki, ambao ndio wengi: daini kuona, kwa adabu na bila kuchoka, na mkishaona mwacheni mtunzi afanye kazi yake nyingine au asiifanye.

Naona wanasheria wameketi mstari wa tatu na wanafunzi wako nyuma yao. Naomba asitoke mtu kabla hawajapeana namba za simu.